Kiazi kilichochemshwa, pakiti ya ORS (ile chumvi na sukari ya mtu anayeharisha) na ule uongo wa "chujio": vitu vinapitaje kwenye utando wa seli (uzi mrefu)

mjomba_wa_praktiko

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, kama upo kwenye foleni ya daladala umepata cha kusoma, kama una haraka pita tu hatugombani.

Juzi saa mbili usiku mpwa wangu wa kidato cha pili kanipigia simu, sauti imeshakatika kabisa. Shikamoo mjomba. Marahaba, kuna nini? Mjomba kiazi chetu kimegoma. Kiazi gani tena? Akaanza kunielezea, kumbe ni ile praktiko ya osmosi (maji kupita kwenye utando kwenda kulikozidi sukari au chumvi) ambayo nusu ya humu mliifanya, unachukua kiazi mviringo, unakimenya, unakata chini kikae vizuri, juu unachonga shimo, unatia maji ya sukari nusu shimo unachoma pini kuweka alama, alafu unakikalisha kwenye sahani ya maji mnaenda zenu mapumziko. Mkirudi maji ndani ya shimo yamepanda yamepita pini. Makundi yote yamepanda. La kwao liko palepale, na mbaya zaidi kuna mwenzao mtundu kachovya kidole kwenye maji ya sahani akalamba akasema mbona matamu.

Nikamwambia hebu tulia, mlikimenya vipi? Kimya. Nikarudia. Akasema "tulikichemsha kidogo mjomba ili ganda litoke kirahisi, kisu chetu kilikuwa butu".

Nilicheka mpaka mama watoto akatoka chumbani kuangalia kuna nini. Ila nilipokata simu nikakaa nikafikiria, huyu mtoto kanieleza kitu ambacho mimi nimekikariri miaka yote bila kukielewa. Kiazi kibichi na kiazi kilichochemshwa kwa macho ni kilekile, sukari ileile, maji yaleyale, sahani ileile. Kilichokufa ni utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli. Ukichemsha, protini za ule utando zinaharibika, mafuta yake yanavurugika, sukari inajitokea zake kwenda kwenye sahani na maji hayana sababu tena ya kupanda. Kwahiyo kazi yote ya kupandisha maji ilikuwa inategemea kitu chembamba kiasi kwamba ukipanga kama elfu kumi vikilaliana ndo unapata unene wa unywele mmoja.

Sasa ugomvi wangu ni huu. Sisi wote tumefundishwa huo utando ni "kama chujio", vidogo vinapita vikubwa vinabaki. Nasema hilo chujio limetuharibia akili. Nitaeleza kwanini, ngoja nichukue chai.

nipo_gongo_la_mboto

nimeweka kigoda mkuu

Binti Mwalimu

Kwani chujio lina shida gani? Mi nimefundisha hivyo miaka sita na watoto wanafaulu 😂

mjomba_wa_praktiko

Mwalimu wanafaulu mtihani, sikatai. Ila angalia hii.

Ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) ya sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi ya mezani, ni kidudu kidogo mno, glukosi, ile sukari ya kwenye damu, ukiiweka pembeni yake ni jitu. Kwa hesabu ya chujio sodiamu ingepaswa kupita inacheza. Haipiti. Utando mtupu wa mafuta unaizuia sodiamu kuliko hata unavyoizuia glukosi. Alafu njoo homoni kama estrojeni au testosteroni, hizo ni kubwa kuliko hata glukosi, na zinapenya kwenye utando bila kumuuliza mtu. Sasa hilo ni chujio gani linazuia mchanga linapitisha kokoto?

Siri ni kwamba ule utando ni mafuta. Tabaka mbili za mafuta zimegeuziana migongo, kila kipande kina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa vimeangalia nje na ndani ya seli kuliko na maji, mikia imejificha katikati. Picha hiyo ya utando ulio laini, unaotembea kama mafuta juu ya mchuzi huku protini zimezama humo zinaelea, waliiweka vizuri Singer na Nicolson mwaka 1972 na mpaka leo ndo tunayoitumia ikiwa na marekebisho yake.

Kwahiyo swali la kwanza sio "una ukubwa gani", ni "unaelewana na mafuta?". Oksijeni inaelewana nayo, inapita. Kaboni dayoksaidi hivohivo. Pombe nayo, ndo maana mtu akipiga gongo tumbo tupu haichukui muda kaanza kuhutubia. Ila kitu chenye chaji ya umeme kama sodiamu, kloridi, potasiamu, hakigusi yale mafuta. Hao wanahitaji mlango, na mlango ni protini.

fundi_pampu

Swali mkuu. Umesema ni mafuta. Maji na mafuta hayaelewani hata kwenye sufuria unaona. Sasa osmosi si ni MAJI ndo yanapita? hapo umejifunga

mjomba_wa_praktiko

@fundi_pampu hapo umeuliza swali ambalo wakubwa walibishana nalo miaka mingi. Maji yanapenya kidogokidogo hata kwenye mafuta matupu kwa sababu ni madogo na hayana chaji kamili, ila kasi inayoonekana kwenye chembe nyekundu za damu na kwenye figo ilikuwa kubwa mno, watu wakahisi kuna mlango, mlango hawauoni.

Ulionekana kwa bahati. Jamaa anaitwa Peter Agre wa chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, alikuwa anahangaika na protini za makundi ya damu, zile za Rh, kwenye sampuli zake ikawa inajitokeza protini nyingine tele ambayo hakuiagiza. Wakajiuliza hii ni ya nini. Jaribio walilofanya mpaka leo nalipenda. Walichukua mayai ya chura, ambayo kwa kawaida yanakaa kwenye maji baridi ya bwawa wala hayavimbi, wakayapandikizia maelekezo ya kutengeneza ile protini, alafu wakayaweka kwenye maji yasiyo na chumvi. Mayai ya kawaida yakatulia. Yale yenye protini yakavimba, yakavimba, yakapasuka kama bisi. Hiyo ilitoka 1992, mlango ukaitwa akwaporini, na 2003 akapewa Nobeli ya kemia pamoja na Roderick MacKinnon.

Mlango mmoja tu wa hivyo unapitisha molekuli za maji mabilioni kwa sekunde, na chembe ya asidi (ayoni ya haidrojeni) hata moja haipiti.

Mzee wa Kilifi

Huku kwetu pwani tuna miti inafanya hiyo mambo mchana kweupe. Nenda mikokoni maji yakitoka, tafuta mti unaitwa mchu, lamba jani lake. Ni chumvi tupu. Jua likiwa kali unaona hadi unga mweupe juu ya jani. Mkoko wenyewe ule wa mizizi kama miguu, yeye hatoi chumvi kwa jani hivyo, yeye amemaliza kazi huko chini kwa mizizi, sehemu kubwa ya chumvi anaiwacha nje. Wazee walikuwa wanasema mti unalia chumvi.

mjomba_wa_praktiko

Mzee shikamoo, hiyo nakushukuru, sikuwa nayo. Na hapo ndo chujio linakufa kabisa, maana mchu unaitoa chumvi kwa nguvu, unaisukuma kutoka ndani kwenda kwenye jani ambako chumvi imeshajaa. Chujio halisukumi kitu.

Mama Kachumbari

Mi sijui hayo ya kemia ila nauza chips. Kachumbari ukitia chumvi mapema nyanya na vitunguu vinatoa maji bakuli zima, mteja anasema umemuwekea supu. Natia chumvi anapokuja mteja. Na mchicha ukinyauka jioni naunyunyizia maji na kuufunika gunia, asubuhi umesimama kama umetoka bustanini. Ndo hiyo hiyo?

mjomba_wa_praktiko

Ndo hiyohiyo dada. Chumvi ya nje imekuwa nyingi kuliko ya ndani ya seli za nyanya, maji yanatoka kuifuata. Mchicha ni kinyume, ndani kuna chumvichumvi na sukari, nje umemwagia maji matupu, yanaingia, seli zinajaa zinasukuma kuta zake, jani linasimama. Ukiuacha ukanyauka siku mbili juani hausimami tena hata uuogeshe, seli zimeshakufa, utando umepasuka, unakuwa kama kile kiazi cha mpwa wangu.

Na wale mnaolima, mbolea ya chumvichumvi ukiirundika juu ya shina la mhindi na udongo mkavu, mhindi unaungua. Hamna moto pale. Maji yanatoka kwenye mizizi kwenda kwenye mbolea.

Nesi Asiyelala

Naongezea kwa upande wa wodini. Watu wananiuliza kwanini dripu isiwe maji safi tu ya kawaida, yamechemshwa yakapoa. Ukimwaga maji matupu mengi kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu zinajikuta zimezungukwa na maji yasiyo na chumvi, yanazikimbilia ndani, zinavimba zinapasuka. Kama yale mayai ya chura. Ndo maana dripu ya chumvi ni asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita, hapo chembe haivimbi wala hainywei. Na ukizidisha chumvi sana zinasinyaa kama zabibu kavu.

Kwahiyo wale wa "nitajitengenezea dripu nyumbani" naomba muache.

nipo_gongo_la_mboto

kuna watu wanajitengenezea dripu???

Nesi Asiyelala

We acha tu.

fundi_pampu

Sawa mlango wa maji nimeelewa. Sasa hii milango ya chumvi si nayo ni tundu tu la ukubwa fulani? Hapo chujio linarudi mkuu usikimbie

mjomba_wa_praktiko

Sikimbii. Kuna mlango wa potasiamu. Potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu. Mlango huo unapitisha potasiamu, na kila sodiamu moja inayoponyoka imeshapita potasiamu kama elfu kumi. Mkubwa anapita mdogo anabaki nje! Niambie hilo ni chujio la duka gani.

MacKinnon, yule aliyegawana Nobeli na Agre, alipata picha ya huo mlango mwaka 1998 na jibu likaonekana. Hizi ayoni zikiwa kwenye maji hazitembei uchi, zimejizungushia molekuli za maji kama mtu aliyejifunga khanga. Ili upite mlangoni lazima uvue khanga, na kuvua kunagharimu. Ule mlango ndani umepangwa vizuri kiasi kwamba potasiamu ikivua khanga inakuta kuta zinaikumbatia vilevile kama maji yalivyokuwa yanaikumbatia, haisikii baridi, inapita. Sodiamu ni ndogo, ikiingia haifikii kuta za pande zote, inabaki imening'inia, bora ibaki nje na khanga zake.

Nakubali kwenye figo kuna sehemu damu inachujwa kweli kwa ukubwa, ila pale tunaongelea ukuta wa seli nyingi zilizopangwa na upenyo katikati, sio utando wa seli moja. Hilo chujio waliachie figo.

Binti Mwalimu

Sawa nimekuelewa, ila kwa kidato cha pili naanzaje kusema khanga na kuta zinakumbatia, msahihishaji atanifukuza. Wao wanataka difyusheni (vitu kusambaa vyenyewe kutoka vilikojaa kwenda vilikopungua), osmosi na usafirishaji wa kutumia nishati, nukta.

mjomba_wa_praktiko

Mwalimu wape hizo tatu, alafu hiyo ya tatu wape na konda.

Yaani hivi. Kila seli yako ina pampu ya sodiamu na potasiamu. Fikiria konda wa daladala, kila kituo anashusha watatu anapandisha wawili. Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani, na kila mzunguko anakula ATP moja, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Anafanya hivyo usiku na mchana, umelala yeye anaita abiria. Nje sodiamu imeshajaa, yeye anaongeza. Ndani potasiamu imeshajaa, yeye anaongeza. Anapanda mlima kila siku, ndo maana anahitaji mafuta. Karibu robo ya nishati unayotumia ukiwa umejilalia tu inaliwa na huyu konda.

Aliyemuona konda huyu ni Jens Skou wa Denmaki, 1957, na alimuona kwenye mishipa ya fahamu ya kaa, hawa kaa wa baharini. Nobeli walimpa 1997, miaka arobaini baadae, kwahiyo wanaosubiri kupandishwa daraja kazini msikate tamaa 😂

dawa_mkononi

Nachomekea kidogo. Ile omeprazole mnayonunua duka la dawa kwa ajili ya vidonda vya tumbo inampiga konda ndugu yake huyo. Kwenye tumbo kuna pampu inatoa haidrojeni kwenda tumboni na kurudisha potasiamu, hiyo ndo inatengeneza asidi. Omeprazole inaing'ang'ania pampu inazima, mpaka seli itengeneze pampu mpya, ndo maana kidonge kimoja kinashika siku nzima. Ndo maana pia tunasema meza kabla ya chakula, pampu ziwe zinakaribia kuwashwa, inazikamata zikiwa kazini. Watu wanameza wakishashiba alafu wanasema dawa feki.

Kijukuu cha Bibi

Konda nimemuelewa. Ila kwanini seli ijichoshe kutoa sodiamu nje kama maji tu yanapita yenyewe? Faida yake nini?

mjomba_wa_praktiko

Hilo ndo swali nililokuwa nalisubiri tangu post ya kwanza, na ndo sababu kichwa cha uzi kina ORS. Hapa naomba mnivumilie, natoka kwenye viazi naingia kwenye maisha ya watu.

Konda akishatoa sodiamu nje kila dakika, nje kunakuwa na sodiamu nyingi zinazotamani kurudi ndani. Ni kama maji yaliyojazwa tenki la juu ya paa. Seli inatumia huo msukumo kuingizia vitu vingine. Kwenye utumbo mdogo kuna mlango unaitwa SGLT1, na una masharti: sodiamu mbili na glukosi moja, mpite pamoja. Sodiamu peke yake haufunguki. Glukosi peke yake haufunguki. Wakija wote, sodiamu inashuka mteremko na glukosi inapata lifti. Wakishaingia, maji yanawafuata. Aliyelisema hilo hadharani ni Robert Crane, kwenye mkutano Prague mwaka 1960.

Sasa njoo kwenye kipindupindu. Kile kidudu hakitoboi utumbo. Kinatoa sumu inayoingia kwenye seli za utumbo na kuzilazimisha ziache wazi mlango wa kloridi. Kloridi inamwagika kwenda utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanafuata, mtu anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, lita kwa lita, anaweza kufa ndani ya masaa. Ukimpa maji matupu yanapita moja kwa moja. Ukimpa maji ya chumvi tu, yanapita. Ila ile sumu haigusi mlango wa sukari na chumvi! Mlango ule uko mzima kabisa katikati ya ile balaa yote. Ukimpa chumvi NA sukari kwenye maji, mlango unafunguka, chumvi inaingia, sukari inaingia, na maji yanarudi mwilini wakati mlango wa kloridi bado unavuja.

Mwaka 1971 kwenye vita ya Bangladeshi wakimbizi walimiminika India, kipindupindu kikaingia kambini Bangaon. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa pale, wagonjwa wamelala sakafuni, dripu zinakwisha. Akaamua kuchanganya gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi soda kwa kila lita, wakajaza kwenye mapipa yenye bomba, ndugu za wagonjwa wanakuja na vikombe wanakinga wanawanywesha watu wao. Vifo vilivyokuwa vinakaribia asilimia 30 vikashuka mpaka 3.6. Kwa sehemu kubwa bila sindano. Kwa chumvi ya dukani.

Kwahiyo @Kijukuu, faida ya konda kujichosha ndo hiyo.

Kijukuu cha Bibi

daah. Na mi miaka yote nlijua ile sukari wanaweka ili watoto wanywe isiwe chungu

nipo_gongo_la_mboto

na mimi. kabisa.

Nesi Asiyelala

Nusu ya wazazi wanaokuja wanajua hivyo. Ndo maana anaona akiongeza sukari vijiko viwili "inakuwa na nguvu". Inakuwa sumu.

mjomba_wa_praktiko

Nesi umenigusa, ngoja niungame.

Mwanangu wa kwanza akiwa na mwaka na miezi kadhaa aliharisha usiku. Nikakimbia duka la dawa nikaleta pakiti ya ORS. Nyumbani kuna chupa ya maji ya nusu lita ipo mezani, nikaifungua nikamimina pakiti nzima, nikatikisa, nikampa. Kanywa vizuri tu, alikuwa na kiu. Ikaongezeka. Kiu ikaongezeka na kuharisha kukaongezeka, nikampa tena ileile. Asubuhi zahanati nesi hakuniuliza chochote kingine, aliniuliza "baba, ulichanganya kwenye chupa ya kiasi gani?". Nikamuonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa, akachukua jagi.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadae sana. Pakiti ya fomula ya sasa, iliyobadilishwa 2002, ina gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za potasiamu kloridi na 2.9 za sitreti, jumla 20.5, kwa LITA MOJA. Ukichanganya hivyo unapata mchanganyiko mwepesi kidogo kuliko damu, 245 kwa damu inayocheza kwenye 290 hivi (ni miliosmoli kwa lita, kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka). Hiyo tofauti imewekwa makusudi, maji yapate mteremko wa kuingia mwilini. Mimi na chupa yangu ya nusu lita nikatengeneza 490. Mteremko nikaugeuza. Maji yakawa yanatoka kwenye mwili wa mtoto kwenda utumboni kuuzimua ule mchuzi wangu. Nilikuwa namfanyia mwanangu kachumbari.

Yupo darasa la saba sasa, mzima, ananishinda mbio.

Mama Kachumbari

Mungu mkubwa. Na mi mwenyewe huwa natia kwenye kikombe kimoja kimoja, nagawa pakiti kwa macho

Nesi Asiyelala

Usigawe kwa macho dada. Pakiti nzima, lita nzima, maji safi. Soma kwanza pakiti maana zipo ndogo zimeandikwa za nusu lita au mililita 200, fuata iliyoandikwa. Ikipita masaa 24 mwaga tengeneza nyingine. Kwa kijiko kidogokidogo, akitapika subiri dakika kumi uanze tena taratibu. Na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi sita miligramu 10. Kunyonya asiachishwe.

Kama pakiti hamna kabisa: vijiko vya chai SITA vya sukari, NUSU kijiko cha chai cha chumvi, lita moja ya maji safi, vijiko vimesawazishwa sio kilima. Hiyo ni ya kukufikisha kituoni. Akiwa macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa au ana damu kwenye choo, usikae unachanganya chumvi, beba mtoto twende.

mtaalam_wa_soda

Mbona sisi tumekuzwa na soda mtoto akiharisha? Unafungua inatoka gesi unatia chumvi kidogo anapona

mjomba_wa_praktiko

Mkuu alipona kwa sababu kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe. Soda ya kawaida ina sukari gramu 100 na kitu kwa lita, chumvi karibu hamna. Mlango unataka sodiamu mbili kwa kila glukosi, umeleta glukosi mtaa mzima na sodiamu wachache, wengi wanabaki nje utumboni wanavuta maji. Kwa ukali wake inazidi damu mara mbili. Ni chupa yangu ya nusu lita yenye lebo nzuri.

Mzee wa Kilifi

Na madafu?

mjomba_wa_praktiko

Madafu ni bora kuliko soda mzee wangu, ila yana potasiamu nyingi sodiamu kidogo, na kwenye kipindupindu anachopoteza mtu zaidi ni sodiamu. Kwa kiu ya juani nipe mawili. Kwa kuharisha nipe pakiti.

Ila uji wa mchele wenye chumvi huo hata wataalamu wanaukubali, kuna ORS inayotengenezwa kwa unga wa mchele na kwa kipindupindu inapunguza kuharisha kuliko ile ya glukosi. Wanga unamegwa taratibu utumboni, glukosi zinatoka mojamoja zinafika mlangoni kwa foleni, hazirundikani kuvuta maji. Bibi zetu hawakuwa wajinga.

dawa_mkononi

Na mlango huohuo una ndugu yake kwenye figo, SGLT2, kazi yake ni kurudisha sukari isipotelee kwenye mkojo. Zipo dawa za kisukari siku hizi zinaufunga makusudi, sukari inatoka na mkojo. Mgonjwa akipima mkojo anakuta sukari imejaa anakuja mbio kasema dawa haifanyi kazi. Mzee wangu, inafanya kazi kweli kweli!

Binti Mwalimu

Mjomba wa praktiko, chujio nalifuta kesho. Ila mpwa wako walifanyaje na kiazi chao? Umetuacha njiani.

mjomba_wa_praktiko

Nilimwambia asubuhi aende kwa mwalimu aseme ukweli, tulikichemsha. Alikuwa anaogopa fimbo. Nikamwambia sema tu.

Jioni hii kanitumia ujumbe kwa simu ya mama yake, naunakili kama ulivyo: "mjomba mwalimu hajatuchapa. amesema kiazi chetu kikae mezani katikati ya vile vingine na kila kundi lije lichore vyote viwili. leo kimeanza kunuka"